Mtende wa Langoni: Utafutie Nafasi ya Mti Mzima



Katika afisi yetu ya kilimo mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu wanaokuja, kuandika shida zao katika daftari, na kuwaonyesha mlango wa mtu awezaye kuwasaidia. Lakini mtu akikaa nyuma ya meza ile kwa miaka husikia mengi, na siku hizi nasikia jambo moja mara nyingi: watu wauliza juu ya mitende ya mapambo. Hawaulizi juu ya mtende wa tende za kula. Wauliza juu ya ule mti mkubwa wenye shina nene kama pipa na makuti marefu yanayoinama pande zote kama mwavuli, ule ambao wengine huuita mnazi ingawa hauzai nazi hata moja. Jina lake ni mtende wa Kanari, maana asili yake ni Visiwa vya Kanari, vilivyo katika bahari ya Atlantiki karibu na pwani ya Moroko, navyo ni sehemu ya Uhispania.

Mmoja ataka kujua mbona makuti ya chini yamekuwa manjano. Mwingine amejenga nyumba ya mawe, naye ataka mitende miwili langoni, mmoja kila upande, kama alivyoona kwenye hoteli mjini. Wa tatu ataka kuukata ule ulio mbele ya nyumba ya marehemu baba yake, lakini ndugu zake hawataki. Wa nne ni mzee wa kanisa, naye auliza kama ni kweli kwamba kukata makuti ya Jumapili ya Matawi huua mti.

Bwana Shamba huwajibu mmoja mmoja. Mimi nina maoni yangu juu ya jambo hili, nami naomba nafasi katika gazeti niyaseme. Mkulima wa skimu aweza kuwa na mtende huu, lakini awe na mmoja. Kabla ya kuupanda autafutie nafasi ya mti mzima, si nafasi ya mche. Na akisha kuupanda, auachie makuti yake. Watu wengi niwaonao hufanya kinyume cha mambo haya matatu, kisha waja afisini kuuliza dawa.

Kwanza niondoe neno moja ambalo husemwa sana. Wako wasemao kwamba huu ni mti wa walowezi, na kwa hivyo haufai kwa mtu mwenye akili. Ni kweli kwamba wazee wetu walipopewa ardhi katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka wa 1962, wengine waliikuta mitende imesimama mbele ya nyumba kubwa za wenye mashamba. Wako waliokata siku ile ile, nami siwalaumu. Mtu aliyepita kando ya mti kwa miaka akiwa kibarua ana haki ya kuuangalia kwa jicho lake mwenyewe. Lakini mti hauna dhambi. Mahindi yetu asili yake ni Meksiko, viazi vyetu vilitoka Amerika ya Kusini, na mkaratusi ulitoka Australia, wala hakuna anayeuliza hati zake. Wengine nao husema mtende haufai kwa sababu hauleti chakula. Hilo pia ni kweli, maana matunda yake ni madogo, rangi ya machungwa, nyama yake nyembamba kama karatasi, na walaji wake ni ndege. Faida yake ni uzuri tu. Lakini mtu akipaka nyumba yake rangi hatumwulizi rangi hiyo italiwa namna gani. Mkulima ana haki ya kupenda kitu kizuri mbele ya nyumba yake, hasa akiwa amekaa miaka mingi katika nyumba ya mabati akilipa deni la shamba.

Jambo la kuuliza ni gharama yake, na gharama ya mtende huu haiko katika bei ya mche. Iko katika ardhi. Mche wa mtende huuzwa katika kopo, nao una majani machache yaliyosimama kama nyasi. Mtu huuchukua kwa mkono mmoja. Lakini kuti moja la mtende mzima lina urefu wa futi 15, na mengine hufika futi 20. Shina lake huwa na upana wa futi 2 hadi 3, na baada ya miaka mingi mti hupanda futi 40, 50 na hata 60. Tuseme kichwa chake kimefunika upana wa futi 25 tu. Nilipiga hesabu hiyo afisini siku moja ya mvua wakati hakuna mtu. Duara la upana wa futi 25 ni futi za mraba 490 hivi. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, kama tunavyoshauriwa, ardhi hiyo yaingia mashina kama 240 ya mahindi. Mitende miwili langoni, basi, ni mashina 480. Kwa mtu aliyegawiwa ekari 20 hilo si neno. Kwa mtoto wake aliyerithi ekari 2, na ana kaka watatu, ni neno kubwa. Ndiyo maana nasema awe na mmoja.

Tena mtende hausubiri uwe mrefu ndipo ukuonyeshe upana wake. Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea pia. Mkaratusi hupanda juu kwanza na kunenepa baadaye. Mtende hufanya kinyume. Kwa miaka mitano ya kwanza, na mara nyingi zaidi, hauna shina la kuonekana. Wajenga unene wake chini, kwenye udongo, na huku watoa makuti yanayoanzia usawa wa ardhi na kutambaa pande zote. Ukisha kupata unene wake wote ndipo waanza kupanda. Kwa hivyo mtende hukuchukulia nafasi kubwa ukiwa bado mfupi, na makuti yake yako usawa wa magoti, wa mikono na wa macho ya watoto.

Na makuti hayo yana miba. Ukitazama kuti karibu na shina, utaona kwamba majani ya hapo hayakuwa majani. Yamegeuka miba migumu, ya kijani au manjano, mingine mirefu kuliko kidole, yenye ncha kama sindano ya kushonea magunia. Mbali na shina kuti ni laini na lapendeza. Mtu hushika pale laini akavuta, mkono ukateleza mpaka penye miba.

Nitawaeleza yaliyotupata nyumbani. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipewa mche mmoja na rafiki, nikaupanda mwenyewe wakati wa likizo. Niliuweka hatua tatu kutoka njia ya kwenda zizini, kwa sababu pale ndipo paliponekana kutoka barabarani. Hatua tatu zilinitosha kabisa, maana mche ulikuwa na majani manne. Mama aliniuliza, "Baba, mti huu huwa mkubwa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba hukua polepole, asiwe na wasiwasi. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake.

Baada ya miaka kumi makuti yalikuwa yamevuka njia. Asubuhi moja Mama alikuwa akienda kukamua, giza bado halijaondoka vizuri, akasukuma kuti kwa mkono ili apite na ndoo. Mwiba ukaingia kwenye kifundo cha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Akaung'oa, akaona umetoka, akaendelea na kazi yake. Kidole kikauma siku mbili, kikatulia. Wiki tatu baadaye kikavimba, kikawa hakikunjiki. Alipigwa picha hospitali, na picha haikuonyesha kitu, maana mwiba wa mti si msumari, aghalabu hauonekani katika picha za namna hiyo. Alipewa vidonge, uvimbe ukapungua, ukarudi. Mwishowe daktari alipasua kifundo akatoa kipande kidogo cheusi kama ncha ya penseli. Kidole kilipona, lakini hakikunji tena sawasawa. Mama yangu alikuwa akikamua ng'ombe wawili kila asubuhi na jioni tangu sijazaliwa. Sasa hukamua kwa mkono mmoja na nusu, ndivyo asemavyo mwenyewe, na ng'ombe mmoja alibidi auzwe.

Kwa hivyo nisikilizeni juu ya nafasi. Pima hatua 8 kutoka njia yoyote wanayopita watu au mifugo, na nyingine 8 kutoka ukuta wa nyumba, kutoka tangi la maji na kutoka mpaka wa jirani. Tazama juu pia, maana mtende uliopandwa chini ya waya za umeme utafika kwenye waya siku moja, nao hauwezi kupunguzwa kichwa kama ua. Ukipima ukakosa mahali penye hatua hizo, basi huna nafasi ya mtende wa Kanari, na ni afadhali ulijue leo ungali na pesa yako mfukoni. Mizizi yake lakini isikutie hofu. Ni mingi, myembamba, kama ya mahindi, wala hainenepi na kupasua msingi kama mizizi ya mkaratusi. Taabu iko juu ya ardhi, haiko chini.

Kuotesha mtende si kazi ngumu, ila yataka subira. Chukua matunda yaliyoiva, ondoa nyama yote, loweka mbegu siku mbili ukibadilisha maji, kisha uzipande katika makopo marefu, maana mzizi wa kwanza huenda chini moja kwa moja. Yaweza kupita miezi miwili au mitatu bila kuona kitu. Usichimbue kuangalia! Jani la kwanza litatoka moja tu, kama jani la nyasi. Mche ukiwa na majani matano au sita waweza kupelekwa shambani mvua zinapoanza. Shimo liwe pana, udongo uchanganywe na samadi iliyooza kabisa, na mche uingie kina kile kile ulichokuwa nacho katika kopo. Aliyezikwa chini zaidi ili asimame imara hudumaa, na majani yake machanga hutoka yamepauka. Majira ya kwanza ya kiangazi umwagilie mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mti utavumilia jua, na hata baridi ya Kinangop inayochoma viazi hauitambui sana. Haupendi jambo moja tu, maji yaliyosimama.

Sasa nije kwenye makuti, maana hapo ndipo uharibifu mwingi hufanyika, na hufanywa na watu wenye nia njema.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kukata shina la hindi na kijiti cha mti kama mwembe, tukavilinganisha. Mwembe una gome, na chini ya gome tabaka hai ambayo huongeza unene na kuziba jeraha. Shina la hindi halina kitu hicho. Mtende ni wa upande wa hindi. Ukiupiga panga shinani, jeraha hilo halitafunikwa milele. Watoto wako watalikuta. Tena mtende una sehemu moja tu ya kukua, nayo ni moyo ulio katikati ya kichwa. Mkaratusi ukiukata huchipua matawi sita. Mtende ukiukata kichwa umekufa, hata kama utabaki umesimama mwaka mzima kama ulio hai. Bwana mmoja alikuja afisini akitaka dawa ya kuufanya uchipue. Alikuwa ameukata ili usimfunikie dishi la televisheni. Nilimwandika jina, lakini Bwana Shamba hakuwa na la kumwambia.

Basi, kila kuti la kijani ni jiko la kumpikia moyo ule chakula. Lakini kila Desemba, na kila harusi ikikaribia, wenye nyumba huita kijana mwenye panga, naye hukata makuti yote ila yale machache yaliyosimama juu kabisa, mpaka mti waonekana kama kitunguu kilichochipua. Husema umepigwa nywele. Wageni husifu. Mimi nasema ni kuunyima chakula. Ukifanywa hivyo kila mwaka, shina jipya litokalo huwa jembamba kuliko la zamani, na mahali hapo pembamba hapatanenepa tena. Kata makuti yaliyokauka. Ukilazimika kukata ya kijani, fikiri mtu aliyenyosha mikono sawa na mabega, na makuti yaliyo juu ya mikono yake usiyaguse. Kama shida yako ni miba, huna haja ya kutoa kuti zima. Vaa glavu za ngozi na miwani ya kazi, uikate miba ya makuti ya chini, uyaache makuti yenyewe. Laiti ningalijua hilo mapema.

Kuhusu Jumapili ya Matawi, jibu langu kwa yule mzee wa kanisa ni hili. Kinachoua mti ni vijana kupanda na kukata yale makuti ya katikati ambayo hayajafunguka, kwa kuwa ni meupe na laini. Hayo hutoka moyoni, na panga likiteleza kidogo limeingia moyoni. Chukua kuti moja la kijani la chini. Lina majani 80 hadi 100 kila upande, kwa hivyo kuti moja tu latosha watu 160, kila mtu na jani lake. Nadhani hilo ni kanisa zima katika skimu nyingi, pamoja na wale wanaokuja siku hiyo tu. Ila majani yatolewe kwenye kuti hapo hapo shambani, na sehemu yenye miba izikwe au ichomwe, isiburutwe njiani mbele ya watoto wasio na viatu.

Wengi huja kwa ajili ya umanjano. Tazama kwanza ni makuti gani. Yakiwa ya chini, manjano kwenye kingo na kijani katikati, mti wakosa magnesiamu, na mtende wa Kanari unajulikana sana kwa ugonjwa huu. Duka la dawa za kilimo litakuuzia chumvi ya Epsom. Yakiwa ya chini tena, lakini ncha zimekauka na kuna madoa, mara nyingi ni potashi, na majivu ya jikoni husaidia, yakinyunyizwa kidogo kidogo mbali na shina. Lakini usiyakate makuti hayo ya manjano! Mti wakosa chakula udongoni, kwa hivyo wakinyonya kutoka makuti ya zamani na kukipeleka kwa machanga. Ukiyakata umeutupia ghala lake la mwisho, nao utaanza kunyonya yanayofuata. Makuti yaliyokwisha kugeuka rangi hayatarudi kuwa ya kijani, na ponyo utaliona katika yale yatakayotoka baadaye. Yakiwa ni makuti machanga yaliyo manjano, chunguza kama maji husimama chini ya mti.

Samadi ni nzuri, lakini nimesema iwe imeoza kabisa, tena isirundikwe karibu. Watu wa pwani wamjua mdudu aitwaye chonga, yule mweusi mwenye pembe, ambaye hutoboa minazi yao kichwani. Mabuu yake hukaa katika marundo ya samadi na magogo yaliyooza. Aliye na rundo la samadi chini ya mtende amemjengea mdudu nyumba, akampikia na chakula.

Panga la yule kijana wa Desemba lina hatari nyingine. Mtende wa Kanari una ugonjwa wake wa kuvu unaoitwa fusari, ambao huingia katika mishipa ya maji na kukausha kuti upande mmoja kwanza, halafu upande wa pili, halafu mti wote. Dawa yake haipo. Katika nchi nyingine umeonekana kuenea sana kwa misumeno na mapanga yanayotoka mti mmoja kwenda mwingine. Mwambie kijana, kabla hajagusa mtende wako, aloweke panga katika dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji, kwa dakika 5 au zaidi. Atacheka. Mwache acheke, lakini aloweke.

Na wale wanaotaka mtende uliokwisha kukua, uletwe kwa lori ili wageni wa harusi waukute, nawaomba wafikiri. Ni kweli kwamba mtende mkubwa huvumilia kuhamishwa kuliko miti mingine. Lakini mti mkubwa husafiri na vilivyomo ndani yake. Katika miaka ya 1990 mdudu mwekundu wa mitende, asili yake Asia, aliingia Uhispania, na katika nchi za bahari ya Mediterania ameua mitende ya Kanari kwa wingi. Buu lake hula moyo kwa ndani, na mwenye mti haoni kitu mpaka kichwa kimelala. Mwaka wa 2005 alionekana katika Visiwa vya Kanari vyenyewe, kwenye mitende iliyoletwa kutoka nje kwa mapambo. Huko walikataza uletaji wa mitende, wakakagua, wakakata na kuharibu iliyougua, na ilipofika mwaka wa 2016 ndipo walipotangaza kwamba wamemaliza. Afrika yetu ina ndugu wa mdudu huyo, mwenye tabia ile ile. Kwa hivyo mtu akikuambia ana mitende mizuri kutoka ng'ambo, mwulize kibali cha KEPHIS. Akikosa kibali, mwache aende nayo.

Neno moja juu ya mkindu. Huu ni mtende wetu wenyewe, wa kando ya mito, na mama zetu hutumia ukindu wake kusukia vikapu na mikeka. Siku hizi wako wanaochimbua mikindu ukingoni mwa mto na kuiuza mjini kuwa mapambo. Wanapata pesa ya wiki moja, na ukingo wa mto waanza kubomoka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima apendaye mkindu achukue mbegu. Tena ajue kwamba mkindu na mtende wa Kanari huzaana, kwa hivyo mbegu uliyookota chini ya mtende wa Kanari ulio karibu na mto yaweza kutoa chotara, usishangae mti ukiwa na sura ya upande wa pili.

Nimeulizwa mara nyingi na wale wanaojua habari za nyumbani kwetu mbona sikuukata ule mtende. Niliazimia kuukata. Mwaka jana wakati wa kiangazi nilikwenda nyumbani na msumeno wa kuazima, nikaweka ngazi. Mama akatoka jikoni akauliza nafanya nini. Nikamwambia. Alikaa kimya, halafu akasema kwamba mti huo umefika umri wa kuzaa, ndege wamejenga ndani yake, na yeye hupumzika chini yake saa nane akitoka shambani, na kwamba kosa halikuwa la mti. Akasema nihamishe njia.

Basi tulihamisha njia. Ilinichukua siku nne, mimi na ndugu yangu mdogo, kung'oa ua wa kei-apple, kuhamisha lango la zizi na kumwaga changarawe. Tulipoteza mistari miwili ya sukuma wiki. Njia mpya iko hatua tisa kutoka kwenye shina. Nilizipima mara mbili, na Mama akazipima tena kwa hatua zake, ambazo ni fupi, akapata kumi na moja.